Msimsingizie Mteja

Hoja hii imetamba katika makongamano ya kibenki, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, na wasomaji mmeisikia vya kutosha, kwa hiyo sitaipamba wala kuipunguza. Inasema hivi: mteja wa leo amebadilika. Anachagua benki kwa kutazama inavyoyatendea mazingira. Yuko tayari hata kulipa zaidi kwa ajili hiyo. Na kwa kuwa benki humfuata mteja, zitageuka kijani zenyewe bila kusukumwa na serikali wala Benki Kuu. Madai ya mwanzo yanamsifu mteja; la mwisho linamtwisha kazi ambayo hakuiomba. Kilemba cha ukoka hicho.

Nawaomba mkae kama mahakimu. Sidai kwamba mteja hajali mazingira; nitaonyesha mbele kwamba anajali, pengine kuliko wanavyodhani wanaomsifu. Ninachopinga ni chepesi zaidi na kigumu zaidi kukikwepa: ushahidi unaoletwa hauthibitishi kinachodaiwa, na mara nyingine unathibitisha kinyume chake.

Ushahidi wanaoupenda kuliko wote ni hojaji. Wateja wakiulizwa kama wangependa benki inayojali mazingira, wengi hujibu ndiyo. Sina shaka na jibu hilo. Nina shaka na swali. Kusema ndiyo mbele ya kijana aliyeshika fomu hakuna makato, hakuna foleni, hakuna barua ya mwajiri. Mwaka 1934 mwanasosholojia wa Marekani, Richard LaPiere, alichapisha matokeo ya safari aliyofanya nchini mwake pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa jambo la kawaida. Walipita katika hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mahali pamoja tu. Baadaye aliwaandikia barua wenye biashara hizohizo, akiuliza kama wangempokea mteja Mchina. Kati ya waliojibu, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema hapana. Pale kauli ilikuwa mbaya na tendo likawa jema. Hapa tunaonyeshwa kauli njema na kuambiwa tendo lipo njiani. Vyovyote iwavyo, hojaji hupima kile ambacho mtu anaona kinafaa kusemwa. Mahakama inayotoa hukumu kwa ushahidi huo peke yake ingekuwa kichekesho.

Tena kuna jambo la ajabu katika maandishi ya watetezi wenyewe. Ukurasa mmoja unasema wateja tayari wanadai benki za kijani. Kurasa chache mbele wanalalamika kwamba wateja hawana uelewa wa benki za kijani na wanahitaji kampeni ya elimu. Lipi ni lipi? Mtu hawezi kudai kwa sauti kubwa kitu ambacho hajui kipo. Ikiwa hajui, basi lile “ndiyo” la kwenye hojaji lilihusu nini?

Tuwape nafasi, lakini. Tuseme tatizo ni elimu, na kwamba mteja akielewa, atahama. Dai hili lina chembe ya kweli, kwa kuwa hakuna achaguaye asichokijua. Lakini tazameni nchi zetu zilivyo. Mwalimu au muuguzi hupitishiwa mshahara katika benki ambayo mwajiri ana makubaliano nayo. Amekopa humo, na rejesho hukatwa kabla hata hajauona mshahara wenyewe. Akitaka kuhama, sharti benki nyingine inunue deni lake, na anapokwenda kuzungumza na afisa mikopo huko anauliza mambo matatu: riba ni asilimia ngapi, muda ni miaka mingapi, na nikimaliza kulipiwa deni la kwanza mkononi nitabaki na shilingi ngapi. Hajakosa elimu. Anajua hesabu yake barabara.

Na pale ambapo vikwazo hivi vimeondolewa? Uingereza ilianzisha mwaka 2013 utaratibu wa kuhamisha akaunti kwa siku saba za kazi, mshahara na malipo ya kila mwezi yakifuata yenyewe. Elimu ya mazingira huko si haba. Hata hivyo, benki za huko bado huwapa wateja wapya pauni mia na zaidi taslimu ili wakubali kuhama. Kama imani ya kijani ingetosha kumwinua mtu kitini, fedha hizo za kishawishi zingekuwa hasara tupu, na mabenki hayana sifa ya kugawa fedha bila sababu.

Sasa nije kwenye kielelezo ambacho kila mzungumzaji hukiinua juu kama kombe: Hatifungani ya Kijani ya CRDB, maarufu kama Kijani Bond. Niieleze kwa haki, kwa sababu ni tukio kubwa katika soko letu la mitaji. Mwaka 2023 benki hiyo, ambayo tangu 2019 ina ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ililenga kukusanya shilingi bilioni 40. Ikapata takriban bilioni 171.8, yaani zaidi ya mara nne ya lengo. Watetezi wanasema: mnataka ushahidi gani tena? Watanzania wameweka fedha zao palipo na mazingira.

Nataka ushahidi mmoja tu, nao ni wa kulinganisha. Hatifungani hiyo ya miaka mitano ililipa riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka, kiwango ambacho akaunti ya akiba ya kawaida haikioti hata usingizini. Hapo tayari nusu ya dai imeanguka. Tuliambiwa mteja yuko tayari kulipa zaidi kwa ajili ya mazingira; hapa analipwa. Huwezi kuthibitisha utayari wa mtu kujitolea kwa kuonyesha jinsi alivyokimbilia faida.

Nusu ya pili inaangushwa na hatifungani nyingine za soko lilelile. Mwaka 2022 NMB ilitoa Jasiri Bond, iliyokusudiwa kuwawezesha wanawake wafanyabiashara. Lengo lilikuwa bilioni 25. Zikapatikana takriban bilioni 74.3, karibu mara tatu, kwa riba ya asilimia 8.5. Mapema 2025 CRDB yenyewe ilifunga mauzo ya Samia Infrastructure Bond, ya kuwapatia fedha makandarasi wa barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na wakala wa TARURA. Lengo bilioni 150, zikaingia takriban bilioni 323, kwa riba ya asilimia 12. Wanawake, miti, lami: vyote vimepita lengo kwa mbali. Kama kupita lengo ni dalili ya mapenzi kwa kilichoandikwa kwenye jalada, basi Mtanzania ana mapenzi mazito na lami, na ningependa kuona kongamano la kueleza saikolojia hiyo.

Kisha uje Tanga. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12. Kama kuna mradi ambao mtu wa kawaida angeuelewa bila kufafanuliwa, ni huu: kulinda chanzo cha maji na kuyafikisha mabombani. Riba yake ilikuwa asilimia 13.5, juu kuliko zote nilizozitaja. Matokeo? Ilipita lengo kwa takriban asilimia tatu. Yalikuwa mafanikio, na niliyapokea hivyo. Lakini pima kwa nadharia ya watetezi: kijani zaidi, riba zaidi, msukumo mdogo zaidi. Nadharia yao haina pa kuyaweka matokeo hayo. Maelezo ya kawaida kabisa yanayo mahali pake. Miaka 10 ni mirefu kuliko mitano, na mtoaji ni mamlaka ya maji ya mkoa inayoingia sokoni mara ya kwanza, siyo benki kubwa inayojulikana hadi kijijini kwa mawakala wake. Mnunuzi alipima muda na jina la mdaiwa, kama wanunuzi wa hatifungani wanavyofanya kila mahali.

Nyongeza ndogo, kwa kuwa wanaipita kimya: mnunuzi wa hatifungani si lazima awe mteja wa benki kwa maana tunayoizungumzia. Anaweza kuwa mfuko wa pensheni, kampuni ya bima, au taasisi ya fedha ya kimataifa yenye kifungu maalumu cha uwekezaji wa tabianchi. Kuzihesabu fedha hizo kama kura za wenye akaunti ni mchezo wa maneno.

Kuna hoja ambayo watetezi hawaigusi kabisa, na ukimya wao unasema mengi: usalama wa amana. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 Kenya iliona Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank zikiwekwa chini ya usimamizi moja baada ya nyingine. Nani aliyekuwa na fedha katika benki ndogo wakati huo ambaye hakufikiria kuzihamishia kwenye benki kubwa? Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki tano kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji, na miongoni mwake zilikuwamo Covenant Bank for Women, Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, na benki za jamii za Njombe na Meru. Someni majina hayo tena. Zote zilijinadi kwa dhamira njema kwa jamii. Kinga ya amana wakati huo ilikuwa shilingi milioni moja na nusu kwa kila mteja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alisubiri mfilisi. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa kuna benki ndogo mpya yenye jina zuri na nembo ya jani, swali lake la kwanza halitahusu kaboni. Kumwita mtu huyo hana mwamko ni kumtukana.

Dai la vijana nitalipita haraka. Inasemwa kizazi kipya kitachagua kwa dhamira. Kizazi hicho kimekutana na mkopo wake wa kwanza kwenye simu: M-Shwari ilizinduliwa Kenya mwaka 2012, Fuliza ikafuata 2019, na Tanzania ina ndugu zao. Mkopaji huyo huangalia unaingia kwa sekunde ngapi na unakatwa lini. Hajui benki iliyo nyuma ya kitufe, achilia mbali benki hiyo inakopesha nani mwingine. Vijana wenye dhamira wapo, ila tusiwatafute kwenye takwimu za kufungua akaunti. Mwaka 2025 baadhi yao walikamatwa jijini Kampala kwa kuandamana dhidi ya KCB na Stanbic, na sababu ya maandamano hayo nitaifikia.

Dai la kwamba kuacha karatasi kunaifanya benki kuwa ya kijani halihitaji hata aya nzima. Taarifa ya benki ikija kwa SMS badala ya bahasha, karatasi imeokolewa na benki imepunguza gharama. Heri kwa wote. Lakini madhara makubwa ya benki kwa mazingira hayapo kwenye bahasha, yapo kwenye mikopo. Kwa hesabu za ripoti ya Banking on Climate Chaos, benki 65 kubwa kabisa duniani zilizipatia kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe dola bilioni 869 kwa mwaka 2024 pekee. Weka bahasha zako kwenye mzani huo.

Watasema nachagua mifano dhaifu, basi niwape waliyo nayo yenye nguvu. Triodos ya Uholanzi, iliyoanza 1980, imejengwa na wateja waliokwenda kwake kwa ajili ya dhamira, na hakuna haja ya kulipinga hilo. Swali ni kwa nini walikwenda huko na si kwingine. Triodos huchapisha inamkopesha nani. Mteja wake anaweza kufungua orodha na kuona shamba, kituo cha umeme wa upepo, nyumba ya wazee. Dhamira yake ina kitu cha kushika. Na pamoja na hayo, baada ya miaka zaidi ya 40, katika nchi tajiri yenye wasomi wengi, bado ni ndogo mno mbele ya ING na Rabobank. Mfano huu unathibitisha kwamba wapo wateja wa namna hiyo. Hauthibitishi kwamba wanaweza kuiburuta sekta nzima.

Mfano mwingine wangeweza kuutumia, na nashangaa hawautumii: Barclays. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Uingereza waliisusia benki hiyo kwa sababu ya biashara yake katika Afrika Kusini ya makaburu. Ikapoteza sehemu kubwa ya soko la wanafunzi, na mwaka 1986 ikauza kampuni yake ya huko. Naam, wateja waliitikisa benki. Lakini angalieni walivyofanya. Kulikuwa na chama cha wanafunzi kilichowapanga, dai moja lisilo na utata, benki nyingine ng’ambo ya barabara, na wateja ambao hawakuwa na mkopo wa nyumba wala mshahara wa kuhamisha. Ilichukua karibu miaka 20. Huo ulikuwa mgomo wa kisiasa uliotumia akaunti kama silaha. Anayetuambia mteja mmojammoja, kimyakimya, atafanya kazi hiyohiyo kwa kuchagua kadi ya rangi ya kijani hajaisoma historia hiyo, au ameisoma akaona haimfai. Nadhani ndiyo maana hawaitaji.

Sasa tumefika kwenye dai lenye uzito: kwamba benki humfuata mteja, kwa hiyo kanuni hazihitajiki. Hapa ushahidi ni mwingi kiasi kwamba lazima nichague.

Aprili 2021 benki 43 zilianzisha Net-Zero Banking Alliance, zikiahidi kupunguza uchafuzi unaotokana na mikopo yao hadi sifuri ifikapo 2050. Muungano ukakua ukapita benki 140. Kati ya Desemba 2024 na Januari 2025, benki sita kubwa za Marekani zikajitoa zote, wakati utawala mpya ukiingia Washington. HSBC ikafuata Julai, na Oktoba 2025 muungano ukasitisha shughuli zake. Tuulizane kwa utulivu: katika majuma yale machache, wateja wa Marekani walibadilisha fikra? Hakuna anayedai hivyo. Upepo wa siasa uligeuka, na benki zikageuka nao. Kama ni kufuata, tumeona zinachofuata.

HSBC hiyohiyo, kabla ya mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa 2021, ilibandika matangazo kwenye vituo vya mabasi vya London na Bristol ikijisifu kwa dola trilioni moja za kuwasaidia wateja wake kuelekea hewa safi, na kwa miti milioni mbili. Haikutaja mabilioni inayoyakopesha makampuni ya mafuta na gesi. Nani aliyapiga marufuku matangazo hayo? Ni Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ya Uingereza, kwa uamuzi wa Oktoba 2022, baada ya kupokea malalamiko. Watu kadhaa walilalamika, ndiyo, na hilo ni la kuwapongeza. Lakini malalamiko yao yangebaki karatasi kama pasingekuwa na mamlaka yenye kanuni na meno. Na kanuni za kwetu zipo pia. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wake wa hatari za tabianchi mwaka 2021, Benki Kuu ya Tanzania ikatoa wake 2022. Ukizisikia benki zetu zikizungumza kuhusu tabianchi kwa lugha ya kitaalamu ghafla, fikiria kwanza tarehe hizo kabla hujamshukuru mteja.

Kisha kuna bomba. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, Tanga, mkoa uleule wa hatifungani ya maji. Baada ya miaka ya kampeni, benki nyingi kubwa za kimataifa zilisema hazitaligharimia. Machi 2025 kampuni ya bomba ilitangaza kufunga awamu ya kwanza ya mikopo kutoka nje, na wakopeshaji walikuwa Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Uganda, KCB Uganda, na taasisi moja ya kundi la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Hiyo ndiyo sababu ya maandamano yale ya Kampala. KCB Bank Kenya, benki ya kundi hilohilo la KCB, imepewa ithibati na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi kama CRDB. Ilikuwa mwaka 2020. Sitaki kuamua hapa kama bomba ni neema au balaa. Waganda na Watanzania wengi wanalitaka kwa sababu za maendeleo, na wana haki ya kusikilizwa. Ninauliza jambo la utaratibu tu. Ikiwa benki humfuata mteja, mwenye akaunti ya KCB kule Kisumu aliulizwa lini? Alipewa karatasi ipi ya kuonyesha kwamba kundi la benki yake yenye ithibati ya kijani lina kampuni tanzu inayoshiriki kulipia bomba la mafuta? Ama wateja waliridhia, basi dai la mteja wa kijani limekufa. Ama hawakuulizwa, basi dai la benki kumfuata mteja limekufa. Watetezi wachague lipi wazike.

Kuna upande wa pili, nao nisiuache uondoke ukitabasamu. Ni wale wanaosema: ah, tuliwaambia, Mwafrika ana njaa, mazingira ni anasa ya Wazungu. Hawa wamekosea zaidi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park jijini Nairobi. Akatukanwa hadi bungeni, lakini wafadhili wa nje walirudi nyuma na mradi ukafa. Kule Lamu, wavuvi na wakazi wasio na utajiri wowote walipambana na kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake. Mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitakigharimia, na 2020 benki ya ICBC ya China ikajitoa. Mabenki makubwa yaligeuzwa njia na watu ambao wengi wao hawakuwa na akaunti hata moja katika mabenki hayo.

Hapo ndipo kosa la kambi zote mbili linapoonekana. Moja inatafuta dhamira ya mazingira kwenye kaunta ya benki na kudai imeiona. Nyingine inaitafuta palepale, isiione, na kusema haipo. Ipo, lakini imepita mlango wa mahakama, wa baraza la kijiji na wa maandamano, kwa sababu kwenye kaunta haijawekewa mlango.

Basi ni nini kinachomfanya mtu wa kawaida achague huduma ya fedha iliyo rafiki kwa mazingira, pale anapoichagua kweli? Kenya wana jibu tangu 2012, M-Kopa ilipoanza kuuza umeme wa jua kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa. Watu waliichukua kwa wingi. Hawakusaini azimio la tabianchi. Walilinganisha malipo ya siku na bei ya mafuta ya taa, wakaona taa inawaka, watoto wanasoma, na baada ya muda kifaa ni chao. Mazingira yalinufaika kwa sababu yalikuwa ndani ya bei. Na ili mtu asidhani kampuni hiyo iliishi kwa mapenzi ya jua, leo biashara yake kubwa ni kuuza simu janja kwa mkopo uleule wa kila siku. Mteja aliifuata njia ya malipo. Bidhaa ilibadilika, yeye akabaki.

Ndiyo hukumu ninayoipendekeza. Mteja huchagua kwa usalama wa amana yake, kwa riba na makato, kwa ukaribu wa wakala, na kwa nafasi ya kupata mkopo. Dhamira ya mazingira huingia pale inapokuwa haimgharimu, au pale anapopewa taarifa na wenzake wa kusimama nao. Benki zetu zinajua namna ya kupunguza gharama hiyo: riba nafuu kwa pikipiki ya umeme, kwa jiko la gesi, kwa pampu ya jua ya mkulima. Baadhi zimeanza. Na taarifa hiyo benki zinaweza kuitoa leo zikitaka.

Kwa hiyo, wasomaji, mkisikia tena jukwaani kwamba mteja anaidai benki ya kijani, msibishane na mzungumzaji kuhusu rangi ya kadi yake. Mwambieni atoe orodha ya mikopo mikubwa ya benki yake, sekta kwa sekta, mradi kwa mradi, ibandikwe ambapo mwenye akaunti ataisoma kabla ya kuweka sahihi. Bila orodha hiyo, dai lake halijathibitishwa na litupwe pamoja na gharama.